UBAO JUU YA KIJITO: MASWALI MAWILI YA INJENIERE

Kwenye barabara zetu za Kasongo na Kabambare vilalo (madaraja) vingi ni vya miti. Watu, baiskeli na magari vinapita juu. Tutajuaje kama mti utashika? Injeniere anauliza maswali mawili.

1. Mzigo unaleta mkazo gani ndani ya mti? Hiyo ni kazi ya mekanike. Tutwae ubao wa upana sm 15 na unene sm 5, unaovuka metre 3. Mtu na gunia lake, jumla kilo 100 (karibu niutoni 1000), anasimama katikati. Nguvu ya kupinda ni 1000 × 3 : 4 = 750 Nm. Ubao ukilala, mkazo unafika N 12 kwa mm² moja. Ukisimama kwa ubavu, N 4 tu. Kumbe ubao ni uleule! Sababu ni hii: katika hesabu kimo kinazidishwa kwa chenyewe, upana hapana. Ndiyo maana mafundi wanasimamisha mbao za paa.

Angalieni vizuri: hesabu hiyo haikuuliza kama ni mti ao chuma.

2. Kitu chenyewe kinavumilia mkazo gani? Hiyo ni elimu ya vitu. Mti mgumu na mkavu hauvunjiki kwa N 12. Lakini ukioza, nguvu yake inapungua. Mchwa wakiula ndani, hata kimo cha sm 5 si kweli tena, na hesabu ya kwanza inapaswa kurudiwa.

Na kupindika je? Hapo maswali yote mawili yanakutana. Tunahitaji namba ya ugumu wa kitu, inayoitwa kwa jina la Mwingereza Thomas Young, aliyeieleza mwaka 1807. Kwa mti ni karibu N 10 000 kwa mm², kwa chuma karibu 200 000. Bila kuhesabu uzito wake wenyewe, ubao wetu uliolala unapindika sm 3,6. Chuma cha kipimo kilekile, mm 1,8 tu.

Basi, mwenye formula peke yake hawezi kusema kilalo kitashika. Na mwenye kujua miti peke yake hawezi kusema gari la tani ngapi lipite.

Kazi: ubao huohuo, ukilala, uvuke metre 4. Mkazo utakuwa ngapi? (Jibu: N 16 kwa mm².) Onyesheni njia.