Ugali Unapokwama: Saratani ya Umio Nyumbani Kwetu Kericho na Bomet

Katika familia nyingi, anayeuona ugonjwa huu kwanza ni yule anayepika. Mzee aliyekuwa akimaliza sahani ya ugali anaanza kuomba mchuzi uongezwe. Baadaye anaacha nyama, akisingizia meno. Kisha anataka uji tu, au maziwa. Nyumba inazoea, kila mtu anasema ni uzee, na njia ya chakula inazidi kuziba.

Umio ni mrija wa misuli unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Chakula kikikwama, mgonjwa huelekeza kidole kooni, akapewa dawa ya tonsili, akakatwa kimeo, au akanunua dukani dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi. Uvimbe wenyewe mara nyingi uko chini zaidi, nyuma ya mfupa wa kifua. Na kwa kuwa umio hutanuka, chakula kigumu kikianza kukwama, sehemu kubwa ya njia huwa tayari imezibwa. Ndiyo sababu kubadilisha chakula ili kimezeke ni hatari: kunaficha dalili inayopaswa kumpeleka mtu hospitali.

Saratani hii ina aina kuu mbili. Moja huanzia kwenye chembechembe bapa za ngozi laini ya ndani ya umio. Hiyo ndiyo inayotusumbua huku. Nyingine huanzia kwenye chembechembe za tezi, karibu na mlango wa tumbo, na huhusishwa na kiungulia cha miaka mingi na unene. Ulaya na Marekani ndiko ilikoenea zaidi. Zote zinaweza kusambaa hadi kwenye ini. Ikifika huko bado ni saratani ya umio, na hutibiwa hivyo, hata kama familia imeambiwa kwamba "ini limeshikwa".

Hospitali ya Tenwek, Bomet, imewatibu wagonjwa wa umio kwa miaka mingi, wakiwemo vijana ambao hawajafika miaka 30, jambo ambalo ni nadra katika sehemu nyingi za dunia. Madaktari wa huko waliwahi kuwachunguza kwa kamera watu wapatao 300 wasio na dalili yoyote. Takribani mmoja kati ya saba alikutwa na chembechembe zilizoanza kuharibika. Hiyo si saratani bado, na wengine huenda wasiipate kamwe, lakini inaonyesha kwamba ugonjwa huanza kitambo kabla ya ugali kukwama.

Kwa nini huku? Hakuna sababu moja, wala si laana, wala ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Tumbaku na pombe, chang'aa ikiwemo, zinajulikana kuongeza hatari. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha una kemikali za masizi ambazo watafiti wanazishuku sana. Ukipata nafasi ya kurekebisha kitu kimoja nyumbani, anza na jiko: toboa dirisha, weka bomba la moshi, kausha kuni kabla ya kuziwasha.

Kisha chai. Majani tunayochuma hayana kosa. Kinachoshukiwa ni joto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Si lazima uwe na kipimajoto. Kama huwezi kupiga fundo bila kuvuta hewa kwa sauti, chai hiyo bado ni ya moto mno. Imimine, iache ipoe, ndipo unywe. Najua wapo watakaosema chai iliyopoa si chai, hasa asubuhi ya baridi ya Kericho. Wangoje hata hivyo.

Mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, nayo huulizwa kila tunapozungumzia ugonjwa huu. Ndani yake imepatikana asetaldehaidi, kemikali itokanayo na uchachu, na masizi ya mkaa wa kusafishia kibuyu. Haijathibitishwa kwamba mursik peke yake huleta saratani. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kuvunja vibuyu, ila si kinywaji cha kila mlo.

Dalili nyingine ni kukonda bila sababu, mate mengi, maumivu ya kifua wakati wa kumeza, kukohoa wakati wa kula au kunywa, na sauti kukwaruza. Zahanati haiwezi kuthibitisha ugonjwa huu kwa kupima damu. Inahitajika endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, na kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Ugonjwa ukipatikana mapema, upasuaji, mionzi na dawa vinaweza kuponya. Ukichelewa, madaktari wanaweza kuweka mrija wa wavu wa chuma unaofungua njia. Mgonjwa hula tena, ingawa mrija hauondoi saratani.

Hakikisha jamaa zako wamesajiliwa katika bima ya afya ya SHA na michango imelipwa kabla ugonjwa haujabisha hodi. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye ugali umemkwama kwa wiki mbili, kijana au mzee, usimkorogee uji na kunyamaza. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, na uombe barua ya rufaa ya endoskopi.