Hiace Iliyopita Gereji: Ikague Hivi Kabla Hujatoa Hela

Lami imeifikia barabara ya Kasulu hadi Kibondo miaka ya karibuni tu. Hiace nyingi kuukuu zinazouzwa huku kwetu zilikula vumbi jekundu na mashimo muda mrefu kabla ya hapo. Zimechomelewa, zimenyooshwa bodi, zimepakwa rangi upya. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba yake haijawahi kuguswa na fundi, zidisha macho. Kutengenezwa si kasoro. Kinachomuumiza mnunuzi ni tengenezo lililofichwa.

1. Nenda asubuhi na mapema. Kibondo iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake zina baridi. Injini ya dizeli iliyochoka hujulikana saa hizo. Usitaje saa utakayofika, maana wapo wanaoiwasha mapema ili ikukute imeshachangamka. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele: nyanyua kiti, sogeza mkono. Ukikuta joto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, kagua kwanza vifuniko vya namba 2 hapa chini, kisha mwambie awashe, wewe simama nyuma uangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda.

2. Fungua vifuniko viwili kabla haijawashwa: cha rejeta na cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, shuku gasketi ya hedi. Mwulize pia kama hedi iliwahi kuchongwa.

3. Beba sumaku ndogo. Ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe kwenye milango, juu ya matairi na pembeni chini. Inapokataa kushika, hapo pana puti nene. Puti kidogo mlangoni ni jambo la kawaida. Puti ubavu mzima, huenda iligongwa sana au ililala.

4. Imwagie maji. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Hiace kadhaa ziliingia nchini zikiwa za mizigo, bati tupu ubavuni. Mafundi wakakata madirisha na kuchomelea viti. Kila palipokatwa ni mlango wa kutu, na mvua za huku huanza Oktoba au Novemba zikaendelea hadi Aprili au Mei. Mwagia ndoo mbili tatu juu ya paa na kuzunguka madirisha, kisha ingia ndani upapase kingo za vioo. Inua zulia la sakafuni, hata muuzaji akinuna. Mimi niliona aibu kuliinua. Miezi miwili baadaye mguu wa kiti cha nyuma ulitoboa sakafu abiria akiwa amekaa. Chini ya zulia jipya bati lilikuwa limebaki kama karatasi.

5. Lala chini ya gari. Fuata chesisi kwa tochi, kutoka mbele hadi nyuma. Kiraka kilichochomelewa vizuri hakina tatizo, ila lami nyeusi au rangi mbichi iliyopakwa sehemu moja tu ikwangue kidogo kwa bisibisi. Hesabu springi za nyuma. Zikiwa zimeongezwa, huenda gari hili lilibeba magunia ya mahindi na maharage kuliko lilivyobeba abiria.

6. Mtafute fundi aliyeitengeneza. Kasulu na Kibondo ni miji ambayo mafundi wanajuana. Muulize muuzaji ilitengenezwa nini, lini, gereji ipi, halafu nenda hapo bila yeye. Fundi wako wa kukagua awe mwingine, na umlipe wewe mwenyewe.

7. Iendeshe ikiwa na watu, kwenye vumbi na kwenye lami. Vumbi litakuonyesha bushi na shokapu zilizokufa. Lami itakuonyesha kama inavuta upande. Ipandishe kilima huku ukitazama mshale wa joto.

8. Karatasi. Dai kadi halisi ya TRA. Kivuli hakitoshi, kwa sababu kadi halisi huenda imewekwa dhamana ya mkopo. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ya kwenye kadi, tarakimu moja moja. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa Polisi kwa namba ya gari. Kama liliwahi kuwa la mradi, lenye namba za DFP, au limetoka Burundi, taka ushahidi kwamba ushuru umelipwa. Andikishaneni mbele ya wakili, kisha nenda TRA ubadilishe umiliki mara moja.

Namba ya chesisi ikitofautiana na kadi, hata kwa tarakimu moja, usitoe hata shilingi ya kishika nafasi. Ondoka.