Koti Jeupe Si la Daktari Peke Yake

Hebu jiulize: ukisikia fulani anasomea mambo ya afya, unamfikiria nani? Wengi mtajibu, daktari. Wengine wote eti ni wasaidizi wake tu. Si kweli!

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam. Ni chuo cha umma, na si kikubwa, maana kinafundisha fani za afya tu. Kilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Udaktari husomwa miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Uuguzi na ufamasia ni miaka 4. Wapo pia wanaosomea maabara na afya ya mazingira.

Sasa fikiria mtoto mwenye malaria kali. Wa maabara anatafuta vimelea kwenye damu. Daktari anaandika dawa. Mfamasia anahakiki dozi. Muuguzi anakesha naye. Mmoja wao akikosea, mtoto yuko hatarini. Nani hapo ni msaidizi tu?

Nikwambie ukweli wangu. Nilitamani sana uuguzi, lakini kidato cha tatu niliacha Fizikia. Niliogopa hesabu zake, na marafiki zangu wote walikuwa wameiacha. Nilipomaliza kidato cha nne ndipo nikagundua mlango niliojifungia mwenyewe. Leo nina shahada, nafundisha vijana afya, kazi naipenda. Ila nikipita wodini, bado moyo unaniuma.

Wewe ufanye nini?

1. Usiache Fizikia, Kemia wala Baiolojia kwa kufuata mkumbo. Kidato cha sita, kombi yake ni PCB.

2. Usipofika kidato cha tano, usikate tamaa. Ukiwa umefaulu masomo hayo kidato cha nne, unaweza kuomba chuo cha afya ukasomea stashahada, kwa mfano ya utabibu, miaka 3. Wapo walioanzia hapo wakafika chuo kikuu.

3. Kama nyumbani hali ni ngumu, ulizia mapema Bodi ya Mikopo. Tunza cheti chako cha kuzaliwa, kitahitajika.

Jadilini darasani:

- Ni somo gani unalotaka kuliacha? Ni gumu kweli, au unaliogopa tu?
- Katika zahanati ya kwenu, ni nani anayefanya kazi ambayo ungependa kuifanya? Nenda kamwulize alisomea wapi.