Jibu la Kweli Lisilo Sahihi

Tuchukue swali hili: Kata zote za Kyerwa zimo mkoani Kagera. Kata ya Nyaishozi imo mkoani Kagera. Lipi lathibitishwa na maelezo hayo?

(A) Nyaishozi ni kata ya Kyerwa.
(B) Nyaishozi si kata ya Kyerwa.
(C) Baadhi ya kata za Kagera ni za Kyerwa.

Jibu ni C. Lakini mtoto wa Karagwe, hasa aliye hodari, huenda akachagua B, kwani anajua kuwa Nyaishozi ilibaki Karagwe Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Hakusema uongo. Mwalimu amwekeaye alama ya kosa bila maelezo humfundisha kuyatilia shaka anayoyajua. Tumwulize: ni maneno yapi ya swali yaliyokuonyesha hivyo? Akiyatafuta asiyaone, atatambua mwenyewe kwamba B aliitoa nyumbani kwao.