SOMO LA MWEZI: MWENYE NYUMBA ANAPOPANDISHA KODI



Mtume Paulo naye alikuwa mpangaji. Sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume inatuarifu kuwa kule Rumi aliishi miaka miwili katika nyumba ya kupanga. Haituambii kama kodi ilipandishwa katikati. Lakini kwa sisi tunaokaa Kunduchi, Mtongani, Ununio na Tegeta, swali hilo huulizwa karibu kila Jumapili baada ya ibada, tena mara nyingi huulizwa wakati vyombo vimekwisha tolewa nje. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tulitolee somo.

Zamani Kunduchi kilikuwa kijiji cha wavuvi na wavunja kokoto, na chumba kilipatikana kwa bei ya kujuana. Barabara ya Bagamoyo ilipopanuliwa toka Mwenge hadi Tegeta, kazi iliyozinduliwa mwaka 2014, mji ulitufikia mlangoni, na kodi ikaja pamoja nao. Hilo si dhambi ya mtu mmoja. Ila wengi wetu bado tunapanga kwa desturi za kijijini, yaani kwa neno la mdomo na fedha mkononi bila risiti, na huku tunaishi katika mji.

Wazee wetu watakumbuka kuwa palikuwa na sheria ya kuzuia kodi. Serikali ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1962, ikaja nyingine mwaka 1984 iliyoweka Mabaraza ya Nyumba ya Mikoa. Chini ya sheria hizo kodi ilikuwa na kiwango chake, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji pasipo amri. Katikati ya hapo, mwaka 1971, nyumba zenye thamani ya zaidi ya sh. 100,000 zilitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na Msajili naye mwaka 1990 akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wapo miongoni mwetu wanaodhani mambo bado yako hivyo. Hayako hivyo. Sheria ya kuzuia kodi ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna kiwango cha juu kilichowekwa kwa nyumba za watu binafsi. Mwenye nyumba anaweza kutaka kodi aipendayo kwa kipindi kipya, nawe waweza kukubali au kukataa.

Je, maana yake mpangaji hana haki? La. Haki yake imehama tu. Zamani ilikaa katika kiwango cha kodi. Sasa inakaa katika mapatano na katika notisi. Mambo haya yamo katika Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amepanga vyumba viwili Mtongani kwa sh. 120,000 kwa mwezi. Mwezi Januari analipa miezi sita, jumla sh. 720,000, kwa hiyo amelipia mpaka mwisho wa Juni. Mwezi Aprili anatumiwa mtoto na ujumbe: kuanzia Mei kodi ni sh. 150,000, alete nyongeza ya sh. 60,000 ya Mei na Juni, au ahame kabla ya Ijumaa.

Mama huyu hadaiwi hata senti. Kodi ya kipindi kilichokwisha lipiwa haipandi kwa sababu saruji imepanda, wala kwa sababu amepatikana mpangaji mwenye gari. Mapatano ni ya watu wawili, na mmoja hawezi kuyabadili peke yake, isipokuwa kama mkataba wenyewe ulisema hivyo tangu mwanzo. Ndiyo sababu tunawasihi msome mkataba kabla ya kutia sahihi, hasa mistari ile ya chini ambayo dalali husema ni ya kawaida tu. (Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja na kwenda zake, yakitokea matatizo hutamwona.)

Na kama hakuna karatasi? Sheria inautambua upangaji wa mdomo kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Tatizo ni namna ya kuuthibitisha. Hapo ndipo risiti inapokuwa na thamani kuliko maneno mengi. Fedha ikitumwa kwa simu, ule ujumbe usiufute. Ikitolewa mkononi, pawe na daftari na sahihi, na ikiwezekana shahidi. Mkataba wa maandishi nao ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu usipolipiwa unaweza kukataliwa barazani kama ushahidi mpaka ulipiwe kwanza.

Sasa Juni imekwisha. Mwenye nyumba anataka sh. 150,000 kwa kipindi kipya, na hapo anayo haki ya kuitaka. Mama anaweza kuomba ipunguzwe, na twajua wengi wamepunguziwa kwa kuongea vizuri. Lakini mara nyingi inatokea hivi: hakuna aliyesema neno, mama anaendelea kulipa kila tarehe mosi, na mwenye nyumba anapokea. Akipokea hivyo kwa miezi miwili baada ya mkataba kwisha, sheria inahesabu kuwa upangaji mpya umeanza, wa mwezi kwa mwezi. Na upangaji wa mwezi hauvunjwi kwa ujumbe wa Ijumaa. Notisi haipungui mwezi mmoja, tena ni lazima iishie siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo akipewa notisi tarehe 10 Septemba, haiishi tarehe 10 Oktoba. Inaishia tarehe 1 Novemba. Wengi wetu tumehama mapema kwa kutojua hesabu hiyo ndogo.

Kosa moja tunaliona sana. Mpangaji akikasirika huacha kulipa kabisa. Asifanye hivyo. Aendelee kutoa kodi ya zamani kwa tarehe yake, na ikikataliwa aiweke na kuandika tarehe aliyoitoa. Anayedaiwa kodi huenda barazani akiwa amekwisha shindwa nusu.

Kung'oa mlango au mabati, kukata umeme, kutupa vyombo nje mvua ikinyesha, kuleta vijana wa nguvu: hayo si halali bila amri ya baraza au mahakama, hata kama mpangaji anadaiwa. Mwenyekiti wa mtaa naye hana mamlaka ya kumtoa mtu. Anaweza kuwaketisha na kuwa shahidi, na mjumbe vivyo hivyo. Tena ni vema waitwe mapema.

Wasipopatana, hatua ya kwanza ni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita pasipo usuluhishi, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa sisi ni la Kinondoni. Aende na mkataba, risiti na notisi aliyopewa. Kama notisi ilikuwa ya mdomo, aandike siku ileile ni nani aliisema, lini, na mbele ya nani.

Mambo ya kukataa kodi kwa pamoja si mageni pwani hii. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, Unguja, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, na wanawake walikuwa mbele katika mgomo huo. Hatusemi Mtongani wagome. Twasema tu kuwa wapangaji wa nyumba moja, wenye vyumba sita na mlango mmoja wa uani, wakienda kuongea pamoja husikilizwa kuliko kila mmoja akinong'ona peke yake.

Wenye nyumba nao tunawasalimu, kwani wengine tunakaa nao benchi moja kanisani. Tunafahamu kuwa kwa mjane mwenye vyumba vinne, kodi hiyo ndiyo pensheni yake, na mpangaji asiyelipa miezi mitatu anamla yeye na wajukuu. Mkataba wa maandishi unamlinda hata yeye. Ukitaka kupandisha, andika barua miezi miwili kabla kipindi hakijaisha, taja kiasi na tarehe ya kuanza, mpe mpangaji nakala atie sahihi, nawe ubaki na yako. Usimtume mtoto.