Nyumba ya kuelea: pano juu, batri chini

Wana-koperative, munajua wenyewe namna ziwa Tanganyika lilivyopanda mwaka 2020 na 2021, likaingia katika nyumba za Kalundu na Uvira, likafika pia Bujumbura na Kigoma. Mwaka 2024 likarudi tena. Ndiyo maana swali la nyumba ya kuelea, inayopanda na kushuka pamoja na maji, si mchezo. Na nyumba ya namna hiyo haiwezi kuvuta waya kutoka kwenye poto. Taa yake itatoka kwa jua.

Wengi wanajenga kwanza, kisha wanatafuta fasi ya kufunga pano. Juu ya udongo inawezekana. Juu ya maji ni hatari, na hata wajenzi wakubwa wameona shida ya kuelea. Huko Makoko, mtaa wa wavuvi juu ya maji mjini Lagos, Nijeria, walimaliza mwaka 2013 shule ya mbao ya ghorofa tatu, ikiwa na pano za jua, ikielea kwa mapipa 256 ya plastiki. Mwezi wa sita 2016 mvua kali ikaiangusha. Bahati, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Kwetu, ghorofa moja yatosha.

Tuanze na mahitaji ya jamaa moja. Taa nne za wati 5, saa tano kila usiku: wati-saa 100. Redio ya wati 10, saa nne: 40. Simu tatu: karibu 30. Jumla 170. Pano ya wati 100 inatoa zaidi ya hapo siku ya jua zuri, na siku ya mawingu inakaribia. Batri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 50, inaweka 600, lakini usitumie zaidi ya nusu, itakufa mapema. Friji ya samaki ni hesabu nyingine kabisa. Hiyo ibaki nchi kavu, kwenye depo ya koperative.

Sasa uzito. Pano kilo 7 hivi, batri karibu 15, na waya: tuseme kilo 25, sawa na mtoto wa miaka minane. Pipa moja la litri 200 linabeba kilo 100 likizama nusu tu, na ndivyo tunavyotaka lizame. Kwa hiyo si uzito wa vyombo vya jua unaopindua nyumba. Ni fasi ulipouweka, na upepo.

Batri ikae katikati ya nyumba, chini, lakini shubiri moja juu ya sakafu ili maji ya mawimbi yasiifikie. Iwe ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa, imefungwa kwa kamba. Ikipinduka asidi inamwagika, na maji hayo ndiyo tunayochota. (Na choo? Uvira inaijua kolera. Nyumba ya kuelea isiyo na mpango wa choo msiijenge.)

Pano ilale karibu bapa, na mteremko mdogo wa kutosha mvua iisafishe. Sisi tuko digrii 3 tu kusini ya ikweta, jua la saa sita linapita karibu juu ya kichwa. Faida yake ni kwamba nyumba ikizunguka kwenye nanga, pano haipotezi kitu kikubwa. Ukiisimamisha, inakuwa tanga, na upepo wa kusini wa kiangazi hauna huruma. Acha nafasi ya kiganja kati yake na manjanja, maana pano ikipata moto sana inatoa umeme kidogo. Ifunge kwa boluti mpaka kwenye mbao za paa, misumari haitoshi.

Kabla jamaa haijalala humo, wekeni mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu wote upande mmoja, muangalie mapipa ya upande huo. Yakizama yote, ongezeni mapipa pande zote mbili, mpime tena.