Kalsiamu Kwenye Mfuko wa Chakula cha Mbwa

Ukitaka kujua madini yaliyomo kwenye chakula cha mbwa cha dukani, usikimbilie mstari wa kalsiamu. Anza na unyevu. Chukua kopo ambalo lebo yake inasema unyevu ni asilimia 78 na kalsiamu 0.3. Weka kando yake mfuko wa chakula kikavu: unyevu 10, kalsiamu 1.2. Kwa macho, mfuko umelishinda kopo mara nne. Sasa ondoa maji. Mia ukitoa 78 zinabaki 22, gawanya 0.3 kwa 22, zidisha kwa 100, unapata kama 1.36. Mfuko, kwa hesabu hiyohiyo, unatoa 1.33. Kumbe kopo ndilo limetangulia!

Namba hiyo ya chakula kilichotolewa maji ndiyo ya kulinganisha na viwango. Vile vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama, vinataka kalsiamu isiyopungua asilimia 0.5 kwa mbwa mzima na 1.2 kwa anayekua. Fosforasi ni 0.4 na 1.0. Kalsiamu isiwe chini ya fosforasi, wala isiizidi zaidi ya mara mbili.

Watu huogopa upungufu tu, na hapo ndipo mbwa wakubwa wanapoumia. Kikomo cha juu cha kalsiamu ni 2.5, lakini kwa watoto wa mbwa watakaofikia kilo 32 hivi au zaidi, kama Great Dane na Boerboel, kinashuka hadi 1.8. Mtoto wa miezi michache mwili wake hauwezi kuikataa vizuri kalsiamu iliyozidi. Inaingia, na mifupa na viungo hukua vibaya. Kwa hiyo unga wa mifupa au DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) ya ng'ombe usiuchanganye na chakula ambacho tayari kimekamilika. Miguu ikianza kupinda, mwite daktari wa mifugo kabla ya kununua kopo la kalsiamu.

Kwenye lebo, neno “angalau” mbele ya namba halikuambii kiasi halisi, na “majivu” ni jumla ya madini yote bila kuyataja. Kama mbwa wako ni mzee na figo zimechoka, mwandikie mtengenezaji akupe kiasi halisi cha fosforasi. Akikwepa swali, badilisha chakula.